Siku Iliyookolewa na Kiunzi ni ya Nani?



Tangu chama chetu kianze kuandikisha mafundi wa programu za kompyuta hapa Kampala, wanachama wetu wa zamani, wale wa ujenzi, wa viwanda vya nguo na wa karakana, wamekuwa wakituuliza swali moja: "Vijana hawa wanaokaa kivulini mbele ya kioo mchana kutwa, wana shida gani hata watetewe?" Leo tunataka kulijibu swali hilo kwa kisa kimoja tu, kisa cha kiunzi. Atakayekielewa ataona kwamba shida yao ni ile ile ya mshonaji aliyepewa cherehani ya umeme badala ya ile ya mguu, akashona nguo maradufu, na mwisho wa mwezi akapokea ujira ule ule au pungufu.

Sisi tunaoandika ukurasa huu hatukusomea kompyuta. Tuliishia darasa la saba, na kazi iliyotulea ni kufyatua matofali na kujenga. Lakini huwezi kumtetea mfanyakazi ambaye kazi yake huijui. Kwa hiyo tulikaa na wanachama hao jioni tatu mfululizo, tukawaomba watuonyeshe kazi yao polepole, hatua kwa hatua. Haya ndiyo tuliyoyaona, na haya ndiyo maoni yetu.

KAZI YENYEWE

Vijana wengi wa tawi hili huandika programu kwa lugha iitwayo PHP. Lugha hii ilianzishwa na Rasmus Lerdorf mwaka 1994, akaitoa hadharani mwaka 1995, na hadi leo inaendesha sehemu kubwa ya kurasa za intaneti duniani. Fundi wa PHP haandiki kila kitu upya kila siku. Kazi inayorudiwa mara kwa mara huitenga, akaifunga peke yake, ikaitwa kifurushi. Hapa tusichanganye mambo. Hatusemi kifurushi cha intaneti tunachonunua kwa simu. Tunasema furushi la maandishi ya programu ambalo fundi mwingine anaweza kulichukua na kulitumia katika kazi yake.

Tuchukue mfano wa namba za simu. Mteja mmoja huandika namba yake akianza na sifuri, wa pili huanza na 256, wa tatu huacha nafasi katikati ya tarakimu. Duka, shule na chama cha akiba na mikopo, wote wanataka namba zikae kwa mtindo mmoja kabla hawajatuma pesa. Fundi akiiandika kazi hiyo vizuri mara moja na kuifanya kifurushi, mifumo kumi itaitumia. Chombo cha kuvichukua vifurushi hivyo kinaitwa Composer. Kilitolewa mwaka 2012 na Nils Adermann pamoja na Jordi Boggiano, na orodha yake kuu inaitwa Packagist. Fundi anaandika amri moja, na kifurushi kinakuja.

Sasa sikilizeni penye taabu. Kabla fundi hajaandika mstari wa kwanza wa kazi yenyewe, anatakiwa kutengeneza mahali pa kazi. Lazima awe na folda ya src, ambamo programu hukaa, na folda ya tests, ambamo majaribio hukaa. Lazima aandike faili la composer.json, linaloeleza jina la kifurushi, toleo la PHP kinalolihitaji, na vifurushi vingine kinavyovitegemea. Humo humo aeleze jinsi majina ya programu yanavyolingana na folda zake, kwa kufuata kanuni ya PSR-4, ambayo kikundi cha mafundi kiitwacho PHP-FIG kilipitisha mwaka 2013. Akikosea herufi moja tu, kubwa kwa ndogo, kazi yake inaweza kukubali kwenye kompyuta yake ya Windows na kukataa kwenye seva ya Linux, mbele ya mteja. Bado aandike maelezo ya matumizi, leseni, na daftari la mabadiliko. Apange chombo cha kuendesha majaribio, ambacho wengi hutumia PHPUnit. Apange pia faili la kuiamuru GitHub iyaendeshe majaribio yale kila anapopeleka kazi.

Yote hayo ni kabla ya kugusa hata namba moja ya simu. Mwanachama mmoja alituhesabia: kwa mzoefu ni nusu siku, kwa mgeni wa kazi ni siku moja na nusu. Na kila kifurushi kipya huanza hivyo hivyo.

KIUNZI NI NINI

Hapa ndipo kiunzi kinapoingia. Kila aliyejenga nyumba ya udongo analijua neno hili: ni miti na fito zinazosimama kabla udongo haujakandikwa. Kiunzi cha kifurushi ni hivyo. Folda zote zimekwisha kupangwa, mafaili yote yapo, majaribio yamekwisha kuunganishwa, na mahali pa majina pameachwa pajazwe.

Vipo viunzi vya hadharani ambavyo mtu yeyote anaweza kuvichukua bila kulipa. Kikundi cha The League of Extraordinary Packages kinacho chake. Kampuni ya Spatie ya Antwerp, Ubelgiji, imetoa cha PHP ya kawaida na cha wale wanaotumia Laravel. Ukichukua cha Spatie unaendesha faili moja liitwalo configure.php, nalo linakuuliza jina lako, jina la kifurushi na mengineyo, kisha linayajaza majibu hayo kila yanapotakiwa. Paul M. Jones naye aliongoza kazi ya kuandika kanuni iitwayo pds/skeleton, inayosema folda gani iitweje. Kanuni hiyo ilitokana na kuvichunguza vifurushi vilivyokwisha kuwekwa Packagist, yaani walitazama kwanza mafundi wanafanyaje, ndipo wakaandika.

Tuliona kwa macho yetu. Kijana mmoja alichukua kiunzi, akajibu maswali, akaendesha majaribio, na chai yetu ilikuwa bado ya moto. Siku moja na nusu ya mgeni wa kazi ilikuwa imekwisha kuokolewa.

Na sasa tunafika kwenye swali letu. Siku hiyo iliyookolewa, ni ya nani?

KISA CHA MWENZETU

Mwenzetu mmoja wa tawi hili alikuwa akifanya kazi katika kampuni moja ambayo hatutaitaja. Mkataba wake ulikuwa wa kulipwa kwa kifurushi, na kila kifurushi kilihesabiwa siku tatu. Alipokijua kiunzi alifurahi, na kwa furaha ile akamwambia msimamizi wake. Tunasema alifanya vizuri kusema, na tutaeleza mbele kwa nini tunasema hivyo. Lakini mwezi uliofuata alipewa karatasi mpya: kila kifurushi siku moja na nusu, na ujira umekatwa nusu. Alipouliza, jibu lilikuwa kwamba kiunzi ni cha bure, na kampuni haiwezi kumlipa mtu kwa kazi ambayo hakuifanya.

Ndugu, tazameni hesabu hiyo. Katika siku tatu za zamani, siku moja hivi ilikuwa ya matayarisho. Kiunzi kiliokoa siku hiyo moja. Tajiri alikata siku moja na nusu. Ile nusu ya ziada ilitoka wapi? Ilitoka kwenye majaribio, kwa sababu hakukuwa na mahali pengine pa kuitoa.

Kiunzi huja na jaribio moja la mfano, ili fundi aone kwamba mitambo inafanya kazi. Katika kiunzi alichotumia mwenzetu, jaribio hilo lilikuwa linauliza swali moja tu: je, kweli ni kweli? Kompyuta inajibu ndiyo, na alama ya kijani inatokea. Jaribio hilo ni la kufutwa, na mahali pake yawekwe majaribio ya kazi halisi: namba yenye sifuri, namba yenye 256, namba yenye nafasi katikati, namba iliyopungua tarakimu. Mwenzetu hakuwa na muda. Aliliacha lile la mfano, alama ikawa ya kijani, kifurushi kikapelekwa. Siku ya malipo namba zenye nafasi katikati zilikataliwa, na watu wakakaa bila pesa zao hadi ilipotambulikana kosa liko wapi. Aliyekatwa mshahara ni nani? Ni yeye fundi.

Chama kilikwenda kuonana na tajiri mara mbili. Hatukwenda kubishana juu ya kompyuta. Tulikwenda na karatasi yenye safu mbili: kazi ambazo kiunzi kinazifanya, na kazi ambazo kiunzi hakizifanyi. Kiunzi hakijui namba ya simu ni nini. Hakijui mteja wa Mbarara huandikaje. Hakiandiki jaribio la maana hata moja, na hakiandiki maelezo ya matumizi isipokuwa vichwa vya habari. Mwishoni tajiri alirudisha siku moja ya majaribio kwa kila kifurushi pamoja na ujira wake, na makato yakafutwa. Ile nusu siku nyingine hakuirudisha. Hatusemi tumeshinda yote. Tunasema bila karatasi ile na bila chama, mwenzetu asingepata hata hicho.

WANAOSEMA TUFICHE

Baada ya kisa hicho, vijana kadhaa walituambia: "Basi dawa ni kunyamaza. Tumia kiunzi chako kimya kimya, maliza mapema, kaa na siku yako." Tunaelewa kwa nini wanasema hivyo. Hata hivyo tunawapinga, kwa sababu tatu.

Kwanza, ukimficha tajiri umemficha na mwenzako. Kijana aliyeajiriwa wiki iliyopita anakesha akitengeneza kwa mkono kile ulicho nacho wewe tayari, na wewe unamtazama. Huo si umoja. Pili, jambo lililofichwa haliwezi kuwekwa katika mkataba. Utamwambiaje tajiri kwamba siku ile igawanywe, ikiwa umekana kwamba ipo? Tatu, siri hii haidumu. Viunzi viko hadharani, na msimamizi yeyote mwenye intaneti atavikuta. Siku atakapovikuta atakuja na hesabu yake peke yake, na sisi hatutakuwa na yetu.

WANAOSEMA KIUNZI KINAUA UFUNDI

Wapo pia mafundi wazee wa kazi hii, kama uzee upo katika kazi changa namna hii, wanaosema kijana anayeanzia kwenye kiunzi hatajua kamwe kilichomo. Katika hili wana haki kwa sehemu. Tulimwomba kijana mmoja atuambie faili la .gitattributes linafanya nini katika kiunzi chake. Hakujua. Jirani yake ndiye aliyetueleza kwamba linazuia folda ya majaribio na vitu vingine vya karakana visipelekwe kwa mtumiaji pamoja na kifurushi. Mtu anayejenga juu ya nguzo asiyoijua siku moja itamwangukia.

Tena kiunzi huzeeka. Tulionyeshwa kimoja cha zamani ambacho bado kina faili la .travis.yml, la kuendesha majaribio kwenye travis-ci.org, mahali palipofungwa mwaka 2021. Kiunzi hicho hicho kilikuwa kinaomba PHP 5.6, ambayo matunzo yake yaliisha mwishoni mwa mwaka 2018. Hata PHP 7.4, ambayo kampuni nyingi bado zinaing'ang'ania, matunzo yake yaliisha Novemba 2022. Kijana akichukua kiunzi cha namna hiyo bila kukikagua, ameanza nyumba mpya kwa miti iliyoliwa na mchwa.

Lakini dawa ya hayo si kuacha kiunzi. Sisi tulipokuwa tukifyatua matofali, hakuna aliyesema kalibu inaua ufundi. Mzee aliyetufundisha alitutaka tu tutengeneze kalibu ya kwanza kwa mikono yetu wenyewe, tupime, tukate mbao, tupigilie misumari. Baada ya hapo tulitumia kalibu yoyote iliyokuwepo, kwa kuwa tulijua kona yake ikilegea tofali litakuwaje. Hivyo ndivyo tunavyoshauri hapa: kifurushi cha kwanza kiandaliwe kwa mkono, faili kwa faili, mbele ya mwenzako anayejua. Kuanzia cha pili, tumia kiunzi.

KIUNZI CHA TAWI

Pendekezo letu ni kwamba tawi liwe na kiunzi chake lenyewe. Si kazi kubwa. Wanachama wanne wazoefu wanaweza kukitengeneza kwa Jumamosi mbili, wakakiweka GitHub na kukitia alama kwamba ni kiolezo, ili mwanachama yeyote abonyeze mara moja apate nakala yake.

Kiwe chembamba. Viunzi vingi vya hadharani vina vitu ambavyo fundi wa hapa havihitaji, na kila kitu kisichohitajika ni kitu cha kutunzwa. Kiwe na src, tests, composer.json, leseni, maelezo ya matumizi, daftari la mabadiliko, mpango wa PHPUnit, na faili moja la GitHub la kuendesha majaribio. Lile jaribio la "kweli ni kweli" lisiwemo. Mahali pake liwekwe jaribio linaloshindwa kwa makusudi, lenye maneno: "Andika jaribio lako hapa." Kwa hiyo alama haitakuwa ya kijani mpaka fundi afanye kazi yake, na tajiri hatapokea kifurushi kisichojaribiwa huku akidhani kimejaribiwa. Mara mbili kwa mwaka wale wanne wakikague, waondoe kilichozeeka, na waandike katika daftari walichokibadilisha na sababu yake.

Juu ya umiliki tunawaomba muwe macho. Sheria ya haki za watunzi ya Uganda ya mwaka 2006 humpa mwajiri kazi iliyotungwa katika ajira yake, isipokuwa mkataba useme vingine. Kwa hiyo kiunzi cha tawi kitengenezwe nje ya saa za kazi, kwa kompyuta zetu wenyewe, na kitolewe kwa leseni ya MIT tangu siku ya kwanza. Leseni hiyo inamruhusu yeyote kutumia, kubadili na hata kuuza, ilimradi tu tangazo la haki la wenyewe lisiondolewe. Tajiri atakitumia kama watu wote, lakini hataweza kusema ni chake peke yake na kumnyima fundi anayeondoka.

TUNACHODAI

Katiba ya Uganda, kifungu cha 40, inampa mfanyakazi haki ya kujiunga na chama na haki ya kujadiliana na mwajiri kwa pamoja. Haki hiyo haikuandikwa kwa ajili ya wenye nyundo peke yao. Kwa hiyo, katika kila mkataba wa hali bora ya kazi unaowahusu mafundi wa programu, tunataka yafuatayo yaandikwe:

1. Chombo au kiunzi kinachopunguza muda wa kazi kisiwe sababu ya kupunguza ujira wa kifurushi mpaka pande zote mbili zimekaa na kukubaliana.

2. Muda uliookolewa ugawanywe kwa mpango unaojulikana: sehemu ya kwanza iende kwenye majaribio na maelezo ya matumizi, sehemu ya pili imrudie fundi katika saa zake au ujira wake, na inayobaki ndipo iwe faida ya kampuni.

3. Fundi asikatwe mshahara kwa kosa lililopita kwa sababu alinyimwa muda wa kulijaribu.

4. Mgeni wa kazi alipwe siku za kuandaa kifurushi chake cha kwanza kwa mkono, kwa kuwa hayo ni mafunzo, na mwajiri ndiye atakayefaidi.

Ndugu wanachama wa zamani, mlituuliza vijana hawa wana shida gani hata watetewe. Jibu ndilo hilo. Jasho lao halionekani shatini, lakini siku zao zinahesabiwa na kukatwa kama zilivyohesabiwa zetu. Nanyi vijana wa kompyuta, msione haya kukaa na mafundi wa matofali. Hatujui PHP, lakini habari ya tajiri aliyeleta mashine mpya na karatasi mpya siku ile ile tunaijua tangu zamani.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Wale watakaojitolea kutengeneza kiunzi cha tawi waandikishe majina yao kwa katibu kabla ya mkutano ujao, na kila mmoja aje na kiunzi anachokitumia sasa, hata kama alikuwa amekificha.